Krapf na Jina la Mlima

Mtoto wa Basotu hana haja ya kufundishwa jina la Mlima Hanang. Amelisikia nyumbani tangu utoto wake. Lakini watu wa mbali hawalijui jina la mlima mpaka mtu alisikie kwa wenyeji, aliandike. Hizi ni habari za mtu aliyelitia neno la Wakamba katika lugha ya Kiingereza, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuwa Mwingereza.

Jina lake Johann Ludwig Krapf, mwana wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani. Alipokuwa mtoto alitazama ramani ya Afrika, akaona upande wa mashariki una majina machache mno. Akadhani labda nchi ile ni jangwa tupu lenye fisi wengi.

Alipokuwa mtu mzima alikwenda Uhabeshi kuwa mmisionari, hata njia ya huko ikafungwa. Mwaka 1844 akafika Unguja, Seyyid Said akampa barua, naye akaenda Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai homa ikawashika wote wawili. Rosine akajifungua mtoto wa kike, na baada ya siku chache mama akafa, na mtoto naye akafa. Krapf akawazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Hakurudi kwao. Alishika kalamu akaendelea kujifunza Kiswahili. Kila neno alilosikia aliliuliza maana, akaliandika. Kwa kuwa maneno mengine ni ya wenyeji, kama maji. Mengine yametoka kwa Waarabu, kama kitabu. Na mengine yaliachwa na Wareno, kama meza.

Mwaka 1849 alisafiri mpaka Kitui, Ukambani, kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu. Kivoi akamwambia habari za mlima mrefu wenye kitu cheupe kileleni. Tarehe 3 Desemba mawingu yakafunguka, Krapf akaona vilele viwili kama pembe. Wakamba waliuita Kiinyaa, na husemwa kwamba asili ya jina ni mbuni, maana weusi wa majabali na weupe wa theluji hufanana na manyoya ya mbuni dume. Wakikuyu huuita Kirinyaga. Krapf aliandika kama alivyosikia: Kenia.

Habari hizo zilipofika Ulaya, wengine walizikataa. Mtaalamu mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kufika Afrika, alikana kabisa kwamba kuna theluji katika nchi ya jua kali namna hii. Tena alikuwa amekwisha mbishia Rebmann, mwenzake Krapf, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Kubisha ukiwa umeketi kitini ni kazi rahisi.

Mwaka 1851 Krapf akarudi kwa Kivoi, wakaenda pamoja kuelekea mto Tana. Njiani wanyang'anyi wakawashambulia, Kivoi akauawa, watu wakatawanyika. Krapf akatangatanga porini peke yake. Alipofika mtoni hakuwa na chombo; akajaza maji katika mitutu ya bunduki yake, akaiziba kwa majani, akaenda usiku na kujificha mchana.

Ugonjwa ulimtoa Afrika mwaka 1853, lakini kazi ya maneno hakuiacha. Akiwa Kornthal, Ujerumani, aliandika kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza. Hakuiona ikiwa kitabu. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake, na kamusi ikapigwa chapa London mwaka 1882. Maneno yake mengi ni ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Baadaye shule zikafuata Kiunguja, ndiyo sababu baadhi yake hatuyatumii sasa.

Mwaka 1883 Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, akauona mlima ule na theluji yake, na ubishi ukaisha. Na mwaka 1920 serikali ya Kiingereza ikalitwaa jina la mlima, ikaliita koloni lake lote Kenya.