Rudolf Diesel: Jamaa Aliyeunda Injini Inayosukuma Dunia, Akapotelea Baharini Akiwa Amesota

Jina lake umelisoma mara elfu. Liko kwa pampu ya kila sheli, na kila dere wa mathree hulitaja kabla jua kutoka. Lakini uliza wasee Diesel alikuwa nani, wengi hawajui hata kama alikuwa mtu.

Alikuwa mtu. Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi walikuwa Wajerumani, buda alikuwa fundi wa ngozi, na doh haikuwa nyingi. 1870 vita ikazuka kati ya Ufaransa na Wajerumani, ikabidi familia ihepe hadi London. Huko maisha ikakaza. Rudolf akiwa na miaka 12 akatumwa Augsburg, Ujerumani, kuishi na watu wa ukoo. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa hesabu, na kijana akanoga.

Aliingia chuo cha ufundi Munich, homa ya matumbo ikamlaza wakati wa mtihani wa mwisho, akaufanya baadaye na kutoka 1880 na alama za juu kabisa. (Sisi tulioacha kampo katikati tunampigia saluti kwa mbali.) Mwalimu wake Carl von Linde, msee wa mitambo ya barafu, akampa kazi Paris.

Kitu kilimkosesha usingizi ni injini ya mvuke. Ukichoma makaa ya mawe, karibu asilimia 90 ya joto ilikuwa inapotea bure. Tena mashine ilikuwa kubwa na ghali, ya mwenye kiwanda tu. Diesel alitaka injini ambayo hata fundi mdogo wa mtaa angeweza kumiliki. Alijaribu kutumia mvuke wa amonia, ikamlipukia, nusura imuue, akalazwa hospitali miezi kadhaa.

Alirudi na wazo lingine. Gandamiza hewa ndani ya silinda hadi iwe moto kabisa, halafu ingiza mafuta. Yatawaka yenyewe, bila plagi. Alipata patenti 1893, na kiwanda cha Augsburg, ambacho leo ni MAN ile ya malori, kikamkubali. Majaribio yakachukua miaka. Hatimaye Februari 1897 injini ya urefu wa kama mita 3 ikapimwa mbele ya wataalamu, ikageuza asilimia 26 ya joto kuwa kazi. Hakuna injini nyingine ilikuwa inakaribia hapo. Adolphus Busch, yule tajiri wa bia Marekani, akalipa maki milioni moja za Kijerumani apate haki ya kuiunda huko. Diesel akawa sonko, akajenga jumba Munich.

Sasa tukuje kwa ile stori huzunguka mitandaoni, kwamba Diesel aliunda injini yake ya kutumia mafuta ya njugu. Si hivyo. Patenti yenyewe iliongea sana juu ya vumbi la makaa. Kilichotokea ni kwamba kwa maonyesho makubwa ya Paris ya 1900, kampuni ya Otto ilileta injini ndogo ya Diesel na kuiendesha kwa mafuta ya njugu karanga, na ikanguruma poa hadi watu wachache tu ndio walijua. Wazo lilitoka kwa serikali ya Ufaransa. Walikuwa na makoloni Afrika yenye njugu tele, wakataka huko mashine ziendeshwe na mafuta ya shamba badala ya kuagiza makaa. Yaani sisi tulikuwa kwa hesabu, ila hakuna aliyetuuliza.

Diesel mwenyewe alikuja kuiamini. 1912, mwaka mmoja kabla afe, alieleza kwamba mafuta ya mimea yanaonekana madogo sasa lakini siku moja yanaweza kuwa na uzito kama petroli.

Na inafanya kazi kweli, lakini usikimbie kumwaga mafuta ya chipo kwa gari ya mzae. Mafuta ya kupika ni mazito. Injini kuukuu zinaweza kuyavumilia yakipashwa moto kwanza. Injini za kisasa zitaziba nozo na utalia kwa fundi. Ndio maana watu huyageuza: yanachanganywa na methanoli (ile ile hupofusha watu kwa pombe feki) na kostiki soda, gliserini inatulia chini, juu inabaki dizeli nyepesi. Mbelgiji G. Chavanne alipata patenti ya njia kama hiyo 1937, akitumia mafuta ya mawese. Mwaka uliofuata basi la abiria likayatumia kutoka Brussels hadi Louvain.

Diesel hakuyaona hayo. Hata gari ndogo ya dizeli hakuwahi kuiona, kwa sababu Mercedes ilitoa yake 1936. Kesi za patenti zilimchosha, kichwa kilimuuma, na pesa aliziweka kwa biashara mbovu moja baada ya nyingine.

Tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden huko Antwerp, akielekea Uingereza kwa mkutano wa biashara. Alikula na wenzake, akaenda kulala saa nne usiku, akaomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo. Asubuhi kitanda hakikuwa kimelaliwa. Kofia na koti lake vilikuwa kando ya ukingo wa meli. Siku kadhaa baadaye mabaharia Waholanzi waliopoa maiti iliyoharibika, wakachukua vitu vya mfukoni na kuirudisha majini. Kijana wake Eugen akavitambua: ni vya buda.

Wengine walisema ni majasusi, wengine matajiri wa mafuta. Hakuna aliyewahi kuleta ushahidi. Mimi naangalia begi alilomwachia mkewe Martha kabla ya safari, akimwambia asilifungue hadi wiki inayofuata. Alipolifungua alikuta noti, pamoja na karatasi za benki zilizoonyesha akaunti zao zimebaki karibu kavu.