Vasco da Gama na ugonjwa uliommalizia mabaharia

Wengi tunamjua Vasco da Gama toka darasani: Mreno aliyefika India kwa kuzunguka Afrika. Kisichosemwa sana ni kwamba kukosa matunda tu nusura kuimalize safari yake.

Alizaliwa Sines, mji wa pwani ya Ureno, miaka ya 1460. Julai 1497 aliondoka Lisbon na meli 4 na watu wapatao 170. Chakula kikuu kilikuwa biskuti ngumu na nyama ya chumvi. Januari 1498, wakiwa pwani ya Msumbiji, watu wakaanza kuvimba miguu na mikono. Fizi zikavimba mpaka zikafunika meno.

Kilikuwa kiseyeye.

Aprili wakafika Mombasa. Mfalme akawapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Wagonjwa wakapata nafuu, na Wareno wakadhani ni hewa nzuri ya mji.

Wakati wa kurudi hali ikawa mbaya zaidi. Kutoka India walikaa baharini karibu miezi 3, na watu 30 wakafa. Kila meli ilibaki na wazima 7 au 8 tu. Walipotia nanga Malindi, Januari 7, 1499, da Gama alituma mtu kuomba machungwa. Waliokuwa hoi zaidi walifia hapo hapo. Mabaharia hawakutosha tena, hivyo meli moja, São Rafael, ikachomwa moto karibu na Tongoni, Tanga.

Kwa nini chungwa? Ngozi, fizi, mishipa ya damu na mifupa hushikiliwa na kolajeni. Seli huitengeneza kama kamba ya nyuzi 3 zilizosokotwa. Kabla ya kusokota, vimeng'enya huongeza oksijeni sehemu fulani za nyuzi hizo, na kazi hiyo inahitaji vitamini C. Ikikosekana, kamba inalegea: fizi zinatoka damu, meno yanacheza, hata kovu la zamani linaweza kufunguka. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini hiyo, lazima uile.

Da Gama alifika Lisbon 1499 akapokewa kama shujaa. Pwani iliyowalisha watu wake haikupata shukrani. Mwaka 1502 alirudi na meli nyingi za kivita na kumlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Alifariki Cochin, India, Desemba 24, 1524. Sababu ya kiseyeye ilikuja kujulikana karne ya 20.

Kwa mkazi wa Tandika, Mbagala au Manzese, kinga yenyewe inapita mtaani kwenye toroli: machungwa ya Muheza, maembe, mapera. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Mchicha nao unayo, ila ukichemshwa sana nyingi inapotea. Usiuache jikoni muda mrefu.