Mirambo: Mtemi aliyejua uzito wa vazi

ABIRIA wa leo anapopanda ndege huwa hamjui rubani kwa jina wala kwa ukoo. Anachokiona ni shati jeupe lililopigwa pasi, kofia na mistari minne begani, na hapo hapo moyo wake hutulia. Vazi limekwisha kumweleza nani mwenye dhamana ya safari na ya roho za watu.

Karne moja na nusu iliyopita, katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mambo hayakuwa tofauti sana. Mbele ya kila msafara alitangulia kirangozi, ambaye ndiye aliyekuwa rubani wa nchi kavu. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora Novemba 1857, aliandika kwa kirefu juu ya vazi lake: joho jekundu lililotobolewa katikati ili kupitisha kichwa, ngozi ya mbega au ya paka mwitu, na kichwani shada la manyoya ya bundi au ya korongo. Mkononi alishika bendera nyekundu ya Zanzibar. Mpagazi aliyekuwa nyuma, hata akiwa mbali kiasi gani, aliuona wekundu ule akajua njia inakoelekea.

Nguo katika njia hiyo ilikuwa zaidi ya pambo. Ilikuwa fedha. Merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa kutoka Marekani, na kaniki ya rangi ya buluu iliyoiva, ndivyo vilivyonunua chakula, vilivyolipa wapagazi na vilivyotolewa kama hongo kwa watemi ili msafara uruhusiwe kupita. Aliyeitawala njia aliitawala nguo, na aliyeitawala nguo aliweza kuwavika watu na kuwafanya wake.

Hakuna mtu aliyelielewa jambo hilo kumzidi Mtemi Mirambo.

Alizaliwa karibu na mwaka 1840 katika Uyowa, nchi ndogo ya Wanyamwezi iliyoko magharibi ya Tabora. Jina lake lilikuwa Mtyela, na baba yake, Kasanda, ndiye aliyekuwa mtemi wa nchi hiyo. Alikua katika nyakati ambazo Wangoni kutoka kusini walikuwa wakipita Unyamwezi na mbinu mpya za kivita, naye hakuziacha zipite bila ya kujifunza. Akiwa kijana alirithi utemi, akaunganisha Uyowa na nchi za jirani, na taratibu akajenga himaya ambayo makao yake yalijulikana kwa jina la Urambo. Jina la Mirambo lenyewe, lenye maana ya maiti, alilipata katika vita. Lilikwenda mbele yake kama baragumu.

Jeshi lake lilikuwa la vijana walioitwa rugaruga. Wengi hawakuwa na mke wala shamba, na baadhi walikuwa wametengana na koo zao kwa sababu ya vita na biashara ya utumwa. Mirambo aliwapa bunduki, akawapa sehemu ya nyara, na juu ya hayo walikuwa na sura yao ya pekee. Walijifunga nguo nyekundu, wakavaa manyoya kichwani na mapambo ya pembe za ndovu na shaba. Wasafiri wa wakati huo walieleza pia kwamba baadhi yao walijipamba kwa viungo vya maadui waliouawa. Wekundu uleule ambao kwa kirangozi ulimwongoza mpagazi, kwa rugaruga ulimtimua mwanakijiji kabla ya risasi ya kwanza kulia. Mara nyingi hofu ilimaliza kazi ambayo ingegharimu baruti nyingi.

Mwaka 1871 ugomvi wa Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, juu ya ushuru na juu ya nani mwenye njia ya kwenda Ujiji, uligeuka vita kamili. Waarabu waliingia wakiwa na uhakika wa ushindi. Pamoja nao alikuwemo mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta David Livingstone. Walikishambulia kijiji cha Mirambo, wakakiteka na kuondoka na nyara, kumbe mtemi na watu wake walikuwa wamejificha njiani wakiwasubiri. Wengi waliuawa katika uvamizi huo, na waliobaki walikimbia. Agosti mwaka huohuo Mirambo aliingia Tabora yenyewe, sehemu ya mji ikachomwa moto, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu hao, akapoteza maisha. Kwa miaka kadhaa njia kuu ya Ujiji ilikuwa haipitiki kwa usalama.

Stanley aliondoka Unyamwezi akiwa na picha ya jambazi katili kichwani. Aprili 1876 aliporudi katika safari yake ya pili, Mirambo alipeleka ujumbe kwamba anataka kuonana naye. Mwandishi huyo alijiandaa kukutana na mtu wa kutisha. Aliyeingia alikuwa mtu mrefu wa miaka kama thelathini na mitano, mpole wa maneno na mtaratibu wa mwendo. Alivaa kilemba na tarbushi, joho la Kiarabu, nguo nyeupe pe zisizo na doa na viatu vyepesi, na alikuwa na upanga uliopinda. Vijana aliofuatana nao walikuwa na bunduki. Watu hao wawili, waliokuwa pande mbili za vita miaka mitano nyuma, walichanjiana udugu wa damu na kupeana zawadi.

Vazi lile halikuwa la bahati nasibu. Lilikuwa vazi la watu wale wale aliopigana nao, na kulivaa kulikuwa tamko kwamba yeye si mkimbizi wa porini bali ni mtawala mwenye hadhi sawa na ya mfanyabiashara yeyote wa Tabora au Zanzibar. Mirambo alikuwa akitafuta mahusiano na pwani bila ya kupitia mikononi mwa Waarabu wa Tabora. Aliandikiana barua na John Kirk, balozi wa Uingereza huko Zanzibar, na mwaka 1879 alimkaribisha Urambo mmisionari na daktari Ebenezer Southon. Kwa wageni hao alitaka kuonekana mtu wa amani, wa biashara na wa mkataba.

Lakini himaya yake ilikuwa na mavazi mawili, na siku moja yaligongana. Juni 1880 majeshi yake, pamoja na ya mshirika wake Simba, yaliishambulia Mpimbwe. Ndani ya kijiji walikuwamo Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa katika utumishi wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, nao wakauawa. Mirambo alieleza kuwa hakukusudia, lakini maelezo hayakusaidia kitu. Urafiki na Kirk ulivunjika, na matumaini ya kutambuliwa na Uingereza yakazimika. Wekundu wa rugaruga ulikuwa umeupaka damu weupe wa kanzu ya mtemi.

Mirambo alifariki dunia Desemba 2, 1884, akiwa na umri wa miaka ipatayo arobaini na minne. Mrithi wake, Mpandashalo, hakuweza kuishikilia himaya. Rugaruga walimtii mtu aliyewavika na kuwalisha, na alipoondoka hawakuona sababu ya kumtii mwingine. Mwaka 1890 bendera ya Wajerumani ilipandishwa Tabora.

Jina limebaki. Katikati ya Dar es Salaam uko Mtaa wa Mirambo, na Tabora ipo kambi ya jeshi inayoitwa kwa jina lake. Humo askari huvaa sare, pamoja na kufuata sheria ya kuzivaa, na sare hizo si za mtu mmoja bali za taifa. Hilo ndilo ambalo mtemi wa Urambo, pamoja na maarifa yake yote ya mavazi, hakuwahi kuwapa rugaruga wake.