Muhammad Ali Jinnah na Suala la Dini Katika Dola

Katika darsa yetu ya baada ya Isha walikhitilafiana ndugu wawili juu ya Muhammad Ali Jinnah, muasisi wa Pakistan. Mmoja alishika kwamba Jinnah alitaka dola isiyoshughulika na dini kabisa. Wa pili alishika kwamba alitaka dola ya Kiislamu mia kwa mia. Kila mmoja alikuwa na khutba ya kumtetea, nasi tukaona si insafu kumhukumu mtu kwa siku moja katika umri wake.

Jinnah alizaliwa Karachi tarehe 25 Disemba 1876, katika nyumba ya wafanyi biashara Makhoja. Alipelekwa Uingereza angali kijana, akasoma sheria London, kisha akarejea akawa wakili Bombay. Hakuwa mwanachuoni wa dini wala hakudai kuwa. Kwa miaka mingi mavazi yake yalikuwa ya Kizungu, na Kiurdu, lugha aliyokuja kuipigania, hakukisema vyema. Hatutaji hayo kwa kumtia ila; twayataja ili ijulikane kwamba waliomfuata hawakumfuata kwa kilemba.

Katika khabari zake, iliyo karibu zaidi nasi watu wa pwani ni ya wakfu. Mwaka 1894 baraza kuu la rufani la London lilihukumu kwamba wakfu alioufanya Muislamu kwa watoto wake na vizazi vyao, huku maskini wakiwekwa mwisho kabisa, si sadaka ya kweli, na kwa hivyo ni batili. Majaji wa Kiingereza waliipima sadaka kwa kipimo cha kwao, hali katika fiqhi yetu kumlisha mtu jamaa zake ni katika sadaka zilizo bora. Nyumba na mashamba yaliyofungwa na wazee yakawa hatarini kugawanywa na kuuzwa. Jinnah, akiwa mjumbe katika baraza la kutunga sheria la Bara Hindi, aliuleta mswada wa kuurudishia wakfu huo uhalali wake, akaufuatia hata ukapita mwaka 1913. Na ubaya wa hukumu ile haukukoma huko. Mahakama za Afrika Mashariki zilikuwa chini ya baraza lilo hilo la rufani, nazo zikaifuata, hata ikabidi Kenya nayo itoe sheria ya kuukubali wakfu wa kizazi, mwaka 1951.

Katika siasa alianza na chama cha Congress, akaingia na Muslim League mwaka 1913, na mwaka 1916 akawa mpatanishi wa vyama hivyo viwili mjini Lucknow. Congress akaiacha mwaka 1920. Machi 1940, mjini Lahore, League chini ya uongozi wake ilidai nchi mbali kwa Waislamu. Maulamaa waligawanyika: Sheikh Husain Ahmad Madani wa Deoband alipinga, na Sheikh Shabbir Ahmad Usmani, wa Deoband vile vile, aliunga mkono. Basi asitwambie mtu kwamba wanavyuoni wote walikuwa upande mmoja.

Tarehe 11 Agosti 1947, damu ikimwagika Punjab, Jinnah aliwakhutubia wajumbe wa baraza la katiba Karachi. Aliwaeleza kwamba kila mtu ni huru kwenda msikitini au hekaluni kwake, na kwamba dini ya raia si kazi ya serikali. Waziri wake wa sheria alikuwa Mhindu, Jogendra Nath Mandal. Lakini Januari 1948, mbele ya mawakili wa Karachi katika hafla ya Maulidi, aliwakemea waliodai kwamba katiba haitajengwa juu ya Sharia. Mwezi uliofuata, katika redio, aliwaeleza Wamarekani kwamba Pakistan haitatawaliwa na makasisi.

Sisi hatuoni kwamba alijipinga. Mtu aliyeupigania wakfu alijua kuwa serikali yaweza kuitambua sheria ya dini ya watu wake bila ya kumnyima haki jirani wa dini nyengine. Tunalomlaumu ni kwamba hakuacha maandishi ya kuonyesha mpaka uko wapi. Alifariki tarehe 11 Septemba 1948, na Sheikh Usmani ndiye aliyemsalia.

Machi 1949 baraza lilipitisha azimio kwamba enzi yote ni ya Mwenyezi Mungu, Waislamu wawezeshwe kuishi kwa Kurani na Sunna, na wasio Waislamu wawe huru katika ibada zao. Wajumbe wa Kihindu walilipinga. Mandal alijiuzulu mwaka 1950 akahamia India. Katiba ya kwanza ilitoka Machi 1956, Jinnah yumo kaburini mwaka wa nane.