Mfalme Lalibela, mwenye aliacha mji ndani ya jiwe

Wachimbaji wa hapa Katanga wanajua jiwe ni ngumu namna gani. Kule Ethiopia, kwa milima ya Lasta, kuko makanisa 11 yenye yalichongwa ndani ya mwamba, mengine kuanzia juu kushuka chini, bila tofali hata moja. Watu wanasema ni kazi ya Mfalme Lalibela, wa ukoo wa Zagwe, mwenye alitawala mpaka karibu mwaka 1221.

Hadithi inaeleza: siku alizaliwa, nyuki walimzunguka, mama yake akajua huyu atakuwa mfalme. Kaka yake, mwenye alikuwa kwa kiti, hakufurahi. Lalibela akatiliwa sumu, lakini akapona.

Mwaka 1187 Saladin alikamata Yerusalema. Wengi wanasema njo sababu mfalme alitaka Yerusalema ya kwao. Hata mto wa pale unaitwa Yordani. Ati malaika walikuja kuchonga usiku? Kila mtu na imani yake. Wataalamu wengine wanaona sehemu fulani zilichongwa mbele yake.

Zamani mji uliitwa Roha. Leo unabeba jina lake. Kwa Noeli yao, tarehe 7 Januari, mahujaji wanafika na mashuka meupe, wengine kisha kutembea siku mingi kwa miguu, na wanakesha inje, kwa baridi ya mlima.