Maisha ya Lord Headley, Al-Haj Rahmatullah Al-Farooq

Rowland George Allanson-Winn alizaliwa London mwaka 1855, akalelewa katika Uprotestanti mkali kabisa. Alisoma Westminster, kisha Trinity College, Cambridge, akashika kazi ya uinjinia. Katika miaka ya 1890 alijenga barabara huko Kashmir, na baadaye akawa bingwa wa kuzuia bahari isile pwani. Alikuwa hodari wa ndondi pia, hata akaandika kitabu juu yake. Basi hakuwa mtu wa kukaa faraghani na vitabu vya dini, na shaka iliyomwingia haikutoka kwa mwalimu yeyote.

Katika Kanisa la Kiingereza imo kanuni ya imani iitwayo ya Athanasio, ambayo kitabu chao cha sala kiliagiza isomwe mara 13 kila mwaka, Krismasi na Pasaka zikiwamo. Kanuni hiyo hueleza Utatu kwa urefu, kisha hukata shauri kwamba asiyeushika atapotea milele. Hapo ndipo moyo wake ulipokwama. Hakuweza kusadiki kwamba Mungu Mwenye rehema atamtia mja wake katika adhabu isiyo mwisho kwa kushindwa kukubali fumbo ambalo wenye kulihubiri wenyewe hawawezi kulifafanua. Tena alikuwa ameishi Ireland, ambako Waprotestanti na Wakatoliki waliishi jirani, kila upande ukiuhesabu mwenzake kuwa umekwisha potea. Mashariki aliwaona Waislamu wakimsikitikia asiye wa dini yao bila ya kumhukumia Jahanamu.

Isidhaniwe kwamba aliikana Siku ya Kiyama. Alilolikataa ni mwanadamu kushika funguo za Moto na kuwagawia wenziwe. (Wako na Waislamu wepesi wa kumwita ndugu yao kafiri kwa tofauti ndogo, hao nao shaka ya Bwana huyu inawahusu.)

Miaka mingi aliyaficha hayo, kwa kuchelea kuwaumiza jamaa zake. Mapema mwaka 1913 alirithi cheo cha Lord Headley. Mwaka huo huo alikutana na Khwaja Kamal-ud-Din, mwanasheria wa Lahore, aliyekuwa ameufungua tena msikiti wa Woking uliojengwa mwaka 1889. Khwaja alikuwa katika wafuasi wa Mirza Ghulam Ahmad, jambo ambalo Masunni wengi hawakuliridhia, lakini Headley mwenyewe alijiita Mwislamu tu. Watu waliponong'ona kwamba amerubuniwa, alieleza kuwa mazungumzo yao yalikuwa ya wiki chache, na fikira zake zilikuwa za miaka mingi.

Alitangaza Uislamu wake Novemba 1913, naye ni mtu wa miaka 58. Magazeti yalivuma. Barua zikamjia kutoka kwa Wakristo wenye bidii, zikimwonya kwamba asiyeamini uungu wa Kristo hawezi kuokoka. Walioandika walitaka kumrudisha, kumbe walimletea nyumbani kwa posta jambo lile lile lililomtoa. Hakuwajibu kwa matusi. Alishikilia kwamba kwa kumwamini Mungu mmoja, na kumheshimu Nabii Isa (A.S.) kuwa ni Mtume, alikuwa amekaribia zaidi mafundisho ya Isa kuliko alipokuwa kanisani.

Wengi humtaja kuwa Lord wa kwanza wa Kiingereza kusilimu. Sivyo, Lord Stanley wa Alderley, aliyefariki mwaka 1903, alimtangulia. Lakini Headley ndiye aliyeifanya dini kuwa kazi yake mbele ya watu. Mwaka 1914 alikuwa rais wa chama cha Waislamu wa Uingereza, na mwaka huo huo kikatoka kitabu chake juu ya kuamka kwa watu wa Magharibi kuuelekea Uislamu. Mwaka 1923 alihiji, mzee wa miaka 68, akapokewa kwa heshima na Mfalme Hussein wa Hijazi. Mwaka 1926 alizuru Afrika ya Kusini pamoja na Khwaja, na tangu mwaka 1928 aliishughulikia amana ya fedha alizotoa Nizam wa Hyderabad ili msikiti ujengwe London.

Msikiti huo hakuuona. Alifariki Juni 1935, akazikwa Brookwood, karibu na Woking, katika makaburi ya Waislamu. Mwaka uliofuata alizikwa huko pia Marmaduke Pickthall, mfasiri wa maana za Kurani kwa Kiingereza, ambaye baba yake alikuwa kasisi wa kanisa lile lile.