Alan Villiers na picha za majahazi yetu

Mimi nakaa Mariakani, mji wa malori na vumbi. Mwezi uliopita nilishuka Kilifi kupiga picha boti za injini zikipita kasi. Nilipiga kama arubaini. Zote zilitoka povu na maji matupu, boti imeshapita. Hapo nikamkumbuka Alan Villiers.

Alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1903, akaingia ubaharia akiwa na miaka 15. Alipoanguka kutoka juu ya tanga la merikebu Lawhill na kuumia, akaingia uandishi wa habari. Mwaka 1929 alipanda Grace Harwar pamoja na rafiki yake Ronald Walker, wapige filamu ya maisha ya mabaharia. Walker aliuawa na foromali iliyoanguka. Villiers aliendelea na kazi peke yake.

Mwisho wa 1938, huko Aden, alipanda Bayan, bumu la Kuwait la nahodha Ali bin Nasir al-Nejdi. Kaskazi ikawaleta Mogadishu, Lamu, Mombasa, Unguja, hadi Rufiji walikopakia boriti. Mwaka 1939 wakarudi Ghuba.

Kupiga picha chomboni si mchezo. Sitaha hailali sawa, jua linarudi machoni kutoka majini, na chumvi hula kamera. Zama hizo filamu ilikuwa ya kuhesabu, ukikosea hufuti. Na foromali ikipinduliwa, kila mtu anakimbia na kamba yake. Aliyesimama pasipo mahali pake hukosa picha, au hupigwa yeye.

Villiers alifaulu kwa sababu alikuwa baharia kabla ya kuwa mpiga picha. Alijua kamba gani itafuata na chombo kitalalia wapi, akangoja hapo. Mimi Kilifi nilikuwa nikiikimbiza boti kwa macho.

Vita vilipokuja aliongoza vyombo vya kushusha askari, na mwaka 1957 akaivusha Mayflower II hadi Marekani. Nejdi alipotea baharini mwaka 1979, Allah amrehemu. Villiers alifariki Oxford mwaka 1982.

Picha zake ziko kwenye makumbusho ya bahari ya Greenwich, London. Nashukuru zipo, lakini zinaniuma. Babu yangu mzaa mama alisafiri na majahazi ujana wake wote, na hatuna hata picha moja yake akiwa chomboni. Sura yake imebaki kwa mama tu, naye mama ni mzee sasa.

Jumamosi narudi Kilifi inshallah. Boti za kasi naziacha. Kuna mzee pale pwani hutia kalafati mashua yake. Nitaketi naye kwanza nijue kazi yake, kisha nimwombe ruhusa.